Manowari za Kenya na Silaha Zake: Maelezo kwa Watu wa Bara

Watu wa Gachoka, na wa Mbeere nzima, waujua sana mto Tana. Huyaona maji yake yakizuiwa katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere ili yatoe umeme, kisha huyaona yakiendelea na safari yake kuelekea mashariki. Mwisho wa safari hiyo ni karibu na Kipini, ambako mto huingia katika Bahari ya Hindi. Lakini si wengi wajuao ya kwamba jina la mto huo ni jina pia la meli moja ya Jeshi la Wanamaji la Kenya. Meli hiyo yaitwa KNS Tana, na mwenziwe yaitwa KNS Galana, kwa jina la mto mwingine wa nchi hii.

Mara kwa mara mtu wa bara huuliza: "Sisi tulio mbali na pwani kwa zaidi ya kilomita 400, manowari zatufaa nini?" Swali hilo ni la haki. Manowari hununuliwa kwa fedha za kodi, na kodi hulipwa na mkulima wa ndengu wa Gachoka kama ilipwavyo na mvuvi wa Lamu. Kwa hiyo yafaa kila raia ajue vyombo hivyo ni vya namna gani, vina silaha gani, na vyafanya kazi gani.

VYOMBO VYA KWANZA

Kabla ya uhuru palikuwa na kikosi cha wanamaji wa kujitolea, kilichoanzishwa Mombasa mwaka 1933. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikosi hicho kilifuatwa na jeshi la wanamaji la Afrika ya Mashariki, nalo likavunjwa mwaka 1962. Kenya huru ikaanza upya. Tarehe 15 Desemba 1964 Mzee Jomo Kenyatta alilizindua rasmi Jeshi la Wanamaji la Kenya, na makao yake makuu yakawa Mtongwe, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa. Maafisa wa kwanza walitoka Uingereza. Mwaka 1972 ndipo uongozi ulipokabidhiwa Mkenya wa kwanza, J. C. J. Kimaro.

Chombo cha kwanza kiliitwa KNS Nyati, nacho kilikuwa kimetumika kwanza katika jeshi la Uingereza. Mwaka 1966 zikaja manowari tatu mpya, Simba, Chui na Ndovu. Hizo zilikuwa ndogo, urefu wa mita 31 tu, na kila moja ilichukua mizinga miwili ya Bofors. Mzinga huu ulibuniwa Sweden, na mdomo wake una upana wa milimita 40. Hutupa risasi zaidi ya 100 kwa dakika, kila risasi ikiwa na uzito unaokaribia kilo moja. Silaha hiyo yatosha kusimamisha jahazi la magendo au kuitisha ndege irukayo chini, lakini haitoshi kupigana na manowari kubwa.

WAKATI WA MAKOMBORA

Mwaka 1967 jambo moja lilitokea mbali na Kenya, likabadili mawazo ya mataifa yote madogo yenye pwani. Tarehe 21 Oktoba, karibu na Port Said, mashua ndogo za Misri ziliizamisha manowari kubwa ya Israel iitwayo Eilat. Hazikuikaribia hata kidogo. Zilirusha makombora yajiongozayo yenyewe, nayo yakaifuata meli hiyo mpaka yakaipiga. Ndipo ilipofahamika ya kwamba nchi isiyo na utajiri mkubwa yaweza kuitishia meli ya nchi tajiri, ikiwa ina mashua iendayo mbio na makombora machache.

Kenya nayo ilikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Nchi jirani ya Somalia ilikuwa ikidai sehemu ya kaskazini ya Kenya, na katika miaka ya 1970 ilipata mashua za makombora kutoka Urusi ya Kisovieti. Basi zikanunuliwa manowari nyingine Uingereza: Mamba mwaka 1974, na Madaraka, Jamhuri na Harambee mwaka 1975. Mamba baadaye ikafungiwa makombora ya Gabriel yaliyotengenezwa Israel.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikafika Nyayo na Umoja, zilizoundwa na kampuni ya Vosper Thornycroft. Hizi zilikuwa na urefu wa karibu mita 57, na mbio zake zilifikia maili 40 za bahari kwa saa, yaani kama kilomita 74. Kila moja ilikuwa na makombora manne ya Otomat, yanayoweza kumpiga adui aliye ng'ambo ya upeo wa macho. Mbele palikuwa na mzinga wa milimita 76 uliotengenezwa Italia. Risasi ya mzinga huo ina uzito wa kilo 6 hivi, nayo hufika umbali wa kilomita 15. Mtu haujazi kwa mkono kila mara kama bunduki ya zamani. Mitambo iliyo chini ya sitaha huupandishia risasi, na rada huuonyesha shabaha, hata usiku na hata katika ukungu.

ADUI ALIYEBADILIKA

Serikali ya Somalia ilianguka mwaka 1991, na baada ya hapo hatari ya baharini ikageuka sura. Haikuwa tena manowari yenye bendera, bali mashua ya mbao au ya plastiki, yenye injini moja au mbili na watu wachache wenye bunduki.

Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa namna hiyo waliiteka meli iitwayo Faina, iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33 vya vita. Waliishika mpaka Februari 2009, ilipolipiwa fidia. Meli nyingine nyingi zilitekwa miaka ile. Wenye meli wakalazimika kulipa bima kubwa zaidi na kuzunguka njia za mbali, na gharama hiyo haikubaki baharini. Mbolea, mafuta ya magari, mafuta ya taa na ngano hupitia bandari ya Mombasa kabla ya kupanda lori kuja bara. Bei ya usafiri ikipanda baharini, mnunuzi wa duka la Kiritiri huilipa, ingawa hajapata kuiona bahari maishani mwake.

Mwaka 2011 hatari ilifika ufukweni, pale wageni walipotekwa nyara katika visiwa vya Lamu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Tarehe 28 Septemba 2012 wanamaji waliwateremsha askari usiku ufukweni karibu na Kismayu, bandari iliyokuwa mikononi mwa Al-Shabaab. Katika kazi ya namna hiyo ndipo meli za aina ya Tana na Galana zinapoonyesha faida yake. Meli hizo zilifika kutoka Hispania mwaka 1994. Hazikuundwa kwa kupigana, bali kwa kuchukua askari, magari na vyakula. Hazihitaji maji ya kina kirefu, na mbele zina mlango unaoteremshwa kama daraja, hata gari likashuka nchi kavu pasipo gati.

KWA NINI MAKOMBORA YALIONDOLEWA

Msomaji ataona ajabu akisikia ya kwamba Nyayo na Umoja zilipopelekwa Italia kwa matengenezo makubwa, zikarudi mwaka 2011 hazina makombora tena. Je, nguvu zilipunguzwa? Hapana, ziligeuzwa zilingane na kazi. Kombora la Otomat lina thamani kubwa kupita kiasi kwa mashua ya maharamia, na rada yake ilikusudiwa kutafuta meli ya chuma, si chombo kidogo kilichojificha kati ya mawimbi. Tena mashua ile yaweza kuwa ya wavuvi wasio na hatia. Baharia hana budi kuikaribia, kuitazama, kuwahoji watu wake na kuipekua. Kombora haliwezi kufanya hayo.

Kazi hiyo yataka vitu vingine: rada nzuri ya kuona mbali, mashua ndogo za kuteremshwa majini, bunduki za rashasha za kuwalinda wapekuzi, na zaidi ya yote chombo kiwezacho kukaa baharini siku nyingi. Kwa sheria za kimataifa, haki ya Kenya juu ya samaki na mali nyingine za bahari yaendelea hadi maili 200 za bahari kutoka pwani, yaani kilomita 370. Chombo kilichoundwa kukimbia mbio kwa saa chache hakiwezi kulinda eneo kama hilo.

Ndiyo sababu vyombo vilivyofuata vilikuwa vya doria. Shujaa na Shupavu, zenye urefu wa karibu mita 60, zilifika mwaka 1997 kutoka Hispania, na kila moja ina mzinga wa milimita 76. Mwaka 2011 Ufaransa iliipa Kenya manowari ya doria iliyokwisha kutumika, ikaitwa Harambee ya Pili. Mwaka 2012 ikaja Jasiri, yenye urefu wa mita 85, kubwa kuliko manowari zote ambazo Kenya ilikuwa imepata kuwa nazo mpaka siku hiyo.

Faida ya doria ilionekana mwaka 2014. Mwezi wa Julai meli iitwayo Al Noor ilikamatwa ikiwa na zaidi ya kilo 300 za heroini zilizofichwa ndani yake. Mwezi uliofuata meli hiyo ililipuliwa baharini pamoja na shehena yake mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Mizinga mikubwa haikuhitajika. Kilichohitajika ni habari za mapema na chombo kilichokuwa tayari.

Tangu mwaka 2018 sehemu ya kazi hii imekabidhiwa Huduma ya Walinzi wa Pwani ya Kenya, iliyozinduliwa Liwatoni, Mombasa, tarehe 19 Novemba. Hao huwashughulikia wavuvi wasio na ruhusa, wafanyao magendo na wachafuzi wa maji, katika bahari na katika maziwa. Wanamaji hubaki na ulinzi wa nchi.

KAZI ISIYOTAKA SILAHA

Iko kazi moja ya wanamaji ambayo watu wa bara wameiona kwa macho yao, nayo ni ya wapiga mbizi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, karibu na makao makuu ya jeshi lenyewe, wakafa watu 272. Na tarehe 4 Desemba 2021 basi lililowachukua waimbaji wa kanisa lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji walikuja kutoka pwani wakasaidia kuzitoa maiti katika maji yale mazito ya tope, ili kila jamaa imzike mtu wake. Mwingi si mbali na Mbeere. Sisi nasi tuna mabwawa makubwa, na mito yetu hufurika ghafula wakati wa masika. Kwa hiyo wazazi na wawakumbuke watu wa Enziu, wasimruhusu mtoto wala dereva kuvuka maji yanayokimbia juu ya daraja.

GHARAMA YAKE

Haifai kuficha ya kwamba vyombo hivi ni ghali. Jasiri iliagizwa mwaka 2003, lakini mkataba wake uliingia katika mabishano makubwa juu ya bei na malipo, na meli ikakawia kwa miaka mingi kabla ya kufika. Meli iliyofungwa kizimbani hailindi mtu, ingawa imekwisha kulipiwa. Vilevile manowari hudai fedha kila mwaka: chumvi hula chuma, injini huchakaa, na mizinga hutaka kusafishwa na kupakwa mafuta. Zamani ilibidi kupeleka manowari Ulaya kwa matengenezo makubwa. Mwaka 2020 Serikali iliunda Kenya Shipyards Limited, yenye karakana Mombasa na Kisumu, ili kazi kama hiyo ifanywe hapa nchini na mafundi wetu wapate ujuzi.

Basi raia asikiapo ya kwamba manowari mpya yataka kununuliwa, asiulize tu ina mzinga mkubwa kiasi gani. Na aulize mambo matatu: Adui wake ni nani? Yaweza kukaa baharini siku ngapi? Nani ataitengeneza, na kwa fedha gani? Wabunge ndio wapitishao fedha hizo, na mtu wa Gachoka ana mbunge kama alivyo naye mtu wa Mombasa.

Mwisho, vijana na wajue ya kwamba Jeshi la Wanamaji si la watu wa pwani peke yao. Wakati wa kuandikisha askari, maafisa hufika katika kaunti zote, na Embu ni mojawapo. Nafasi hizo haziuzwi. Mtu yeyote adaiye fedha ili amwingize kijana jeshini ni mwizi, na yapasa apelekwe kwa polisi. Kijana aliyejifunza hesabu na ufundi wa mitambo, mwenye afya na tabia njema, aweza kupata kazi katika meli, hata kama maji mengi aliyopata kuyaona ni yale ya bwawa la Kiambere. Maji hayo nayo yako njiani kwenda baharini.