Kifafa kwa Mwanamichezo Kijana: Yaliyomfika Mtelezaji wa Barafu Ekaterina Alexandrovskaya

Mnamo Machi 2017, katika mashindano ya dunia ya vijana ya kuteleza kwenye barafu yaliyofanyika Taipei, nishani ya dhahabu ya jozi ilikwenda Australia, nchi ambayo haikuwa imewahi kutoa bingwa wa dunia katika mchezo huo. Washindi walikuwa Ekaterina Alexandrovskaya, msichana wa miaka 17 mzaliwa wa Moscow, na Harley Windsor, kijana mwenye asili ya wenyeji wa kwanza wa Australia. Windsor alikuwa amesafiri hadi Moscow kutafuta mwenza, kwa kuwa nchini kwake watelezaji wa jozi ni wachache mno. Alexandrovskaya akahamia Sydney akiwa na miaka 16. Mwezi Desemba 2017 wawili hao walishinda pia fainali ya vijana mjini Nagoya, na Februari 2018 wakashiriki Olimpiki ya majira ya baridi huko Pyeongchang, wakashika nafasi ya 18. Mwanzoni mwa 2020 msichana huyo alipatwa na degedege, akabainika kuwa na kifafa, akaacha mchezo. Tarehe 18 Julai mwaka huohuo alifariki mjini Moscow, akiwa na umri wa miaka 20.

Ili kuelewa kwa nini utambuzi huo ulifunga njia yake, yafaa kujua mchezo wenyewe. Katika jozi, mwanamume humnyanyua mwenzake juu ya kichwa chake, mikono ikiwa imenyooka, huku akiteleza kwa kasi. Kichwa cha msichana huwa zaidi ya mita mbili juu ya barafu iliyo ngumu kama saruji, wala hakuna anayevaa kofia ya kinga. Kuna pia miruko ambamo hurushwa mbali, akazunguka hewani na kutua kwa mguu mmoja juu ya chuma chembamba. Ndiyo maana wakati huo kanuni za vijana ziliwaruhusu wanaume wa jozi kuwa wakubwa zaidi, yaani walio chini ya miaka 21, ilhali wasichana walipaswa kuwa chini ya 19: mnyanyuaji huhitaji misuli iliyokomaa. Katika mazingira hayo, kupoteza fahamu kwa sekunde tano tu, jambo ambalo darasani lisingeonwa na mtu, kwaweza kuvunja shingo. Aidha, hatari haimhusu mgonjwa peke yake, kwani miili miwili hutegemeana.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo ambamo chembe za neva hutoa umeme kwa wingi na kwa wakati mmoja pasipo mpangilio. Haukuletwa na mapepo, wala hauambukizwi kwa mate au povu. Watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi nao, na wengi wao, hadi asilimia 70, wangeweza kuishi bila degedege iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Takwimu hii ya mwisho hunukuliwa mara nyingi kuliko inavyotekelezwa.

Kwa hiyo lisitokee kosa la kumzuia kila mwenye kifafa asicheze. Mazoezi ya kawaida kwa nadra huchochea degedege. Kukosa usingizi na kuruka dozi ndivyo vichocheo vikubwa. Swali la kumuuliza mgonjwa ni moja: fahamu zikikutoka ghafla katikati ya shughuli hii, nini kitakupata wewe, na nini kitampata aliye karibu nawe? Mcheza mpira wa miguu ataanguka na kuinuka. Mwogeleaji aliye peke yake atazama. Mantiki hiyohiyo humhusu mkwezi wa minazi na mvuvi wa ngalawa, ambao zuio la daktari huwanyima si nishani bali chakula cha jioni.

Hapa ndipo huduma hupungua. Zuio hutolewa kwa dakika mbili, dawa huandikwa, mgonjwa huenda zake. Kijana aliyejitambulisha kwa jambo moja tangu utotoni hurudi nyumbani akiwa hana ratiba, hana wenzake wa mazoezi, wala hana jina alilokuwa akiitwa. Haifai kukisia yaliyokuwa moyoni mwa Alexandrovskaya, wala kudai kwamba kifafa ndicho kilichosababisha kifo chake. Lakini yanayojulikana kuhusu wagonjwa wa kifafa kwa jumla yanatosha kumtahadharisha mhudumu: sonona humpata takribani mmoja kati ya wanne au watano, na hatari ya kujiua kwao ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Sehemu ya sababu imo katika ubongo wenyewe, sehemu katika unyanyapaa, na sehemu katika dawa. Fenobabitoni, iliyo rahisi kupatikana katika vituo vyetu, yaweza kuzidisha sonona. Levetirasetamu huwaletea baadhi ya wagonjwa hasira na huzuni.

Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua. Hofu hiyo haina msingi, nayo imewanyamazisha wahudumu wengi. Inatosha kusema kwa sauti ya kawaida: tangu uanze dawa, unalalaje? Kuna kitu bado kinakufurahisha? Je, umewahi kuona afadhali usingekuwapo? Maswali haya yaulizwe siku ya utambuzi, yarudiwe wiki chache baadaye, na kila dawa inapobadilishwa. Akijibu ndiyo kwa swali la mwisho, asiachwe peke yake. Ndugu aitwe kwa ridhaa yake, naye afikishwe siku hiyohiyo kwa mtaalamu wa afya ya akili. Dawa ya kifafa isikatishwe ghafla, kwani degedege mfululizo huweza kuua. Ibadilishwe polepole na daktari, huku mgonjwa akijua atarudi lini na atamkuta nani.