Kukwama, kukawia na kungojana: juu ya jina la hitilafu moja ya kompyuta

Programu ikisimama bila kutoa jibu wala kutangaza kosa, husemwa kwamba "imekwama". Neno hilo lafaa kwa lori lililozama matopeni. Halimfai anayetafuta chanzo cha hitilafu. Katika kazi sambamba, yaani pale hesabu moja inapogawiwa michakato mingi itendayo kwa wakati mmoja na kupelekeana habari, ukimya huo waweza kuwa na sababu zilizo mbalimbali.

Huenda mchakato mmoja umepewa mzigo mkubwa na mingine yausubiri: huko ni kukawia tu, na kazi itakwisha. Huenda michakato miwili yapishana bure, kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwachia mwenziwe njia. Au huenda yangojana, na hapo hata mwaka mzima hautatoa jibu.

Tuseme mchakato wa kwanza wapeleka ujumbe kwa wa pili na hauendelei mpaka upokelewe. Wakati huohuo wa pili nao wapeleka wake kwa wa kwanza. Hakuna anayepokea. Kanuni ya MPI, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1994, yaruhusu ujumbe uwekwe kando kwa muda ili mpelekaji aendelee. Kwa kawaida ujumbe mdogo huwekwa hivyo, mkubwa hauwekwi. Kwa hiyo programu yafaulu majaribio kwa tarakimu kumi, kisha yasimama siku ipewapo data za kweli, ingawa kosa lilikuwamo tangu mwanzo.

Mchunguzi husoma, kwa kila mchakato, umesimama mstari gani na wamngoja nani, kisha huchora mishale. Akisoma mara mbili na kukuta mistari imebadilika, si kungojana. Kuongeza amri za kuchapa maneno hapa na pale, desturi ya wengi, ni hatari: hubadili mwendo wa michakato, na hitilafu yaweza kujificha.

Mholanzi Edsger Dijkstra, katika maandishi yake ya 1965, aliliita jambo hili kumbatio la mauti. Vitabu vya Kifaransa husema *interblocage*. Kumbatio ladokeza wawili, hali duara laweza kuwa na watatu au mia. Hapa kiambishi -ana cha Kiswahili chaonyesha nguvu yake. Wapendanao, kila mmoja apenda na kupendwa na yuleyule. Wafuatanao sivyo: wa mbele hamfuati yeyote. Katika duara la michakato, kila mmoja wangoja na kungojwa, ingawa si na uleule, na sarufi yakubali bila shida kusema kwamba yangojana. Jina *mngojano*, kwa mfano wa mfuatano, laweza basi kupendekezwa.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Nje ya duara huwako michakato mingine iliyosimama kwa kuungoja mmojawapo wa iliyomo. Hiyo yangoja, haingojani. Kuihangaikia ni kupoteza siku. Ndani ya duara, kinyume chake, yatosha kuvunja mshale mmoja: katika mfano wa hapo juu, mchakato wa pili uamriwe kupokea kwanza, ndipo upeleke.