Nyumba Mpya Katika Nchi ya Chai: Paa, Mteremko na Maji ya Mvua

Mkulima wa chai wa Kericho au Bomet hulipwa fedha kidogo kila mwezi kwa majani apelekayo kiwandani, kisha mara moja kwa mwaka hupata malipo ya ziada ambayo kila mtu huyaita bonasi. Fedha hizo ndizo zilipazo karo, na ndizo zijengazo nyumba. Kwa hiyo nyumba katika nchi hii ni jasho la miaka mingi ya kuchuma, na ikiwa imejengwa vibaya, mwenyewe hana mfuko mwingine wa kuijengea tena. Makala haya yaeleza jinsi nyumba ya kisasa iwezavyo kupatana na vilima, mvua na udongo wa mahali hapo, nayo isipoteze starehe yoyote ambayo watu wa leo waitaka.

Mtu apitaye njia ya Kericho kwenda Sotik, kwa Chemosit, Litein na Kapkatet, huona nyumba mpya nyingi kando ya mashamba ya chai. Baadhi yake ni nzuri sana. Nyingine zimejengwa kwa mtindo ambao umependwa katika miji ya Kenya siku hizi, yaani nyumba ya paa lililofichwa. Kuta huinuliwa kupita mabati, hata mtu aliye barabarani asiyaone, na nyumba yote huonekana kama sanduku. Mtindo huo hatuulaumu kwa sura yake, kwa maana kila mtu ana macho yake. Twaulaumu kwa sababu ya mvua.

Kericho iko juu ya bahari kwa mita 2,000 hivi, kati ya msitu wa Mau na Ziwa Victoria. Hewa yenye unyevu hutoka ziwani, hukutana na nchi iliyoinuka, nayo mvua hunyesha alasiri katika miezi mingi ya mwaka. Jumla yake katika sehemu za chai hufika milimita 1,800 kwa mwaka au zaidi. (Bomet ya chini, upande wa Sigor na Chebunyo, hupata mvua chache kuliko hiyo, na mambo mengine yaliyoandikwa hapa hayawahusu sana watu wa huko.) Tena kuna mvua ya mawe. Kericho na Nandi zajulikana na wataalamu wa hali ya hewa kuwa miongoni mwa mahali duniani ambapo mvua ya mawe hunyesha mara nyingi zaidi. Katika miaka ya 1960 ilijaribiwa hata kwa kurusha roketi mawinguni, ili mawe yavunjike kabla ya kuangukia chai.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9 lina eneo la mita za mraba 108. Alasiri moja ikinyesha milimita 50, paa hilo hupokea lita 5,400, na pengine kwa muda wa saa moja au mbili tu. Swali la kwanza la kila mwenye kujenga katika nchi ya chai ni hili: maji hayo yote yatakwenda wapi?

Katika nyumba yenye upenu, yaani paa litokalo nje kupita ukuta, mfereji wa mabati hufungwa ukingoni. Mvua ya mawe ikiujaza barafu na majani, maji hufurika na kuanguka chini, nje ya nyumba. Ni hasara ndogo. Lakini katika nyumba ya paa lililofichwa mfereji umekaa ndani ya ukuta, katikati ya ukuta na mabati. Mawe yakiuziba, maji hayana njia nyingine ila kupanda juu ya ukingo wa mfereji na kuingia darini. Mwenye nyumba huona doa la manjano, kisha rangi hububujika, kisha dari huanguka kitandani. Fundi huitwa, hupaka lami, na mwaka wa pili mambo huwa yale yale. Jambo la ajabu ni kwamba umbo hilo huongeza gharama ya matofali na lipu, kisha huondoa upenu, kitu pekee kinachokinga kuta zenyewe zisilowe.

Wazee wa Kipsigis walilijua jambo hili vizuri. Nyumba yao ya msonge ilikuwa na kuta za miti na udongo, ambazo ni kitu dhaifu mbele ya mvua. Kwa hiyo paa la nyasi lilisimama wima na kushuka chini kupita ukuta, hata maji yakadondoka mbali na msingi. Ndani yake kulikuwa na dari ya kuwekea nafaka, iitwayo tabut, juu ya moto. Moshi ulipanda ukafukuza wadudu katika wimbi na mtama, ukazidi kupanda ukakausha nyasi za paa zisioze. Moto mmoja ulifanya kazi tatu: kupika, kuhifadhi chakula na kulinda paa.

Hatusemi watu warudi katika msonge. Nyasi nzuri za kuezekea zimekuwa adimu tangu malisho yageuzwe kuwa mashamba, moto ni hatari, na moshi huumiza macho na mapafu ya akina mama na watoto. Tena yafaa kukumbuka kwamba vilima vingi ambavyo leo ni mashamba makubwa ya chai vilikuwa makao na malisho ya Wakipsigis, ambao waliondolewa kabla makampuni hayajaanza kupanda chai ya biashara huko katika miaka ya 1920. Nyumba nyingi za misonge zilitoweka kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu wenyewe walizichoka. Lakini elimu yake haikutoweka. Paa kubwa, upenu mpana, maji kupelekwa mbali: hayo yaweza kufanywa kwa mabati au vigae kama yalivyofanywa kwa nyasi.

Mfano mmoja mkubwa uko Kericho penyewe. Kanisa kuu la Wakatoliki la Moyo Mtakatifu, lililowekwa wakfu mwaka wa 2015, lilichorwa na ofisi ya John McAslan ya London. Latosha watu 1,500 hivi. Paa lake la vigae vya udongo huanza chini mlangoni, na kila likiendelea kuelekea altare huzidi kupanda na kupanuka, kama kilima chenyewe. Limeshikwa na fremu za zege, na ndani limefunikwa kwa fito za mbao. Jengo hilo ni la kisasa kabisa, wala hakuna awezaye kusema limeiga nyumba ya zamani. Hata hivyo mtu akilitazama toka mbali huona paa kwanza, kama alivyoona paa kwanza alipoitazama nyumba ya babu yake.

Mwenye shamba la ekari mbili hana haja ya vigae, ambavyo ni vizito na vyataka kenchi nene. Mabati yafaa. Kwa kila mita 2 za kwenda mbele, paa na lipande mita 1; hapo mawe huteremka yenyewe wala hayakai. Upenu uwe wa sentimita 75 au zaidi. Rangi ya kijani iliyofifia au ya udongo hupatana na chai kuliko mabati meupe yang'aayo, ambayo huumiza macho ya jirani wa kilima cha pili. Kelele za mawe juu ya mabati hupunguzwa kwa dari ya mbao za saiprasi, nayo dari hiyo huzuia baridi ya usiku pia. Kisha maji yaongozwe katika tangi. Bibi ashukaye bondeni kuteka maji wakati lita 5,400 zimepotea uani mwake alasiri ile ile hakutendewa haki na aliyechora nyumba.

Baada ya paa huja mteremko, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuona. Tuseme kilima chashuka mita 1 kwa kila mita 5. Ukiilaza nyumba ya urefu wa mita 12 kufuata mteremko, juu chini, itakubidi kukata ardhi kwa mita 2.4, au kuinua msingi kwa kadiri hiyo upande wa chini. Ukiigeuza ikae ubavu, ikifuata usawa wa kilima kama mistari ya chai ifanyavyo, na upana wake ukawa mita 6 tu, utakata mita 1.2. Umeokoa nusu ya kina, mawe na kazi. Tena ukuta wa ardhi uliokatwa wima kwa mita 2 na zaidi huloweka maji wakati wa mvua ndefu, na udongo mwekundu ukilowa sana huporomoka. Udongo uliochimbwa usitupwe upande wa chini na kujengwa juu yake siku ile ile. Udongo wa kujaza huzama, na nyumba hupasuka hapo hapo mahali ambapo udongo mgumu na ule wa kujaza hukutana. Juu ya nyumba chimba mtaro wa kuyakata maji ya kilima yapite pembeni.

Udongo huo uliochimbwa waweza kuwa kuta. Uondoe wa juu, ule mweusi wenye mizizi, uuweke shambani. Ule wa chini ujaribiwe. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipake mafuta, kijaze udongo uliolowanishwa, kisha kiache kivulini kwa siku 7. Udongo ukinywea sana ukaacha nafasi kubwa mwishoni, una mfinyanzi mwingi, nao wataka mchanga na saruji zaidi. Ukinywea kidogo tu, saruji kidogo yatosha. Mchanganyiko hushindiliwa kwa mashine ya mkono, na matofali hayachomwi. Hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa muda wa wiki moja au mbili. Hakuna kuni zilizokatwa, na rangi ya ukuta ni rangi ya kilima. Lakini jambo moja halina msamaha: ukuta wa namna hiyo wataka msingi wa mawe utokao juu ya ardhi kwa sentimita 30 au zaidi, na upenu ule tuliousema.

Kuhusu miti, maneno machache. Mkaratusi hufaa kwa kuni na nguzo, lakini usiupande karibu na nyumba wala chemchemi, kwa kuwa huanguka na hunywa maji mengi. Ukikuta mti wa tebeswet katika kiwanja, usiukate kabla hujafikiri kama nyumba haiwezi kusogea hatua tano.

Nalo neno la dirisha. Kericho iko karibu sana na ikweta, lakini asubuhi zake ni za baridi, kwa hiyo chumba cha kukaa na kielekee mashariki. Kwa baraza, usimwulize mwandishi wala fundi wa mjini. Nenda kiwanjani alasiri tatu za mvua, usimame na mwavuli, utazame mvua yatoka upande upi. Baraza liwe upande wa pili.

Mwisho, kwa kuwa bonasi huja mara moja kwa mwaka, nyumba ilazwayo ubavu wa kilima yaweza kujengwa kwa vipande. Mwaka wa kwanza jikoni na vyumba viwili, vimeezekwa na kukamilika, na tangi lake. Kila chumba kiongezwacho hufuata usawa ule ule na paa lile lile. Mwambie mwashi aache meno ya matofali katika ukuta wa mwisho, na seremala aache boriti za paa zitokeze upenuni, zipakwe dawa zisioze, zingoje chumba cha mwaka ujao.