Tuuhesabu Mwaka kwa Miongo

Kila uingiapo mwezi wa Januari, hapa visiwani petu husikika maneno ya namna moja. Kijana aliyemaliza skuli husema mwaka huu lazima apate kazi. Karani husema mwaka huu lazima apande cheo. Mvuvi husema mwaka huu lazima anunue mashine ya chombo chake. Maneno hayo ni mazuri, wala hatuna nia ya kumvunja moyo mtu yeyote anayetaka hali yake iwe bora. Lakini hapana budi tuulizane kwa uwazi: ifikapo masika, maneno hayo huwa yamefikia wapi?

Tukisema kweli, mengi huwa yamekwisha kusahauliwa. Sisi wenyewe tunaoandika safu hii hatumo nje ya lawama hiyo. Tumewahi kuandika malengo yetu katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, tukayapigia mstari kwa wino mwekundu, na tulipofika ukurasa wa kumi hatukuyatazama tena mpaka Disemba. Kosa halikuwa katika nia. Kosa lilikuwa katika hesabu.

Wazee wetu walikuwa hodari wa hesabu hiyo. Walikuwa na mwaka wao unaoanza siku ya Nairuzi, ambao hadi leo huadhimishwa Makunduchi katika mwezi wa Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Wengi wetu tunajua habari ya kibanda kinachochomwa moto na ya wanaume wanaopigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kimalizike. Wachache wanajua kwamba mwaka ule ulikuwa ni chombo cha kazi. Siku zake 365 zilihesabiwa kumi kumi, na kila kumi likaitwa mwongo. Miongo 36, kisha siku 5 za kukamilisha. Baharia aliuliza tumo katika mwongo gani kabla hajatweka tanga, na mkulima aliuliza hivyo hivyo kabla hajatia mbegu ardhini. Walifahamu kuwa mwaka mzima ni mzigo mkubwa mno kushikika mkononi, lakini mwongo mmoja unashikika.

Kwa hivyo, anayetaka kujiwekea malengo hana haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Aende ufukweni, kisha aende shamba.

Ufukweni atawakuta akina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza mwaka 1989. Mkulima wa mwani hufunga mbegu katika kamba, akaziwamba baina ya vijiti wakati maji yametoka, na baada ya kiasi cha mwezi mmoja na nusu huvuna. Hamsubiri mtu amwambie siku ya kushuka pwani. Bamvua ndilo linalomwambia. Akikosa bamvua moja, anajua amekosa nini.

Shamba atauona mkarafuu. Mche wa mkarafuu humchukua mwenyewe miaka sita, saba au minane kabla ya kumpa mavuno ya kwanza, kisha ukazaa kwa miongo ya miaka. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliharibu sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ndiyo iliyokuja kuwa kitovu cha zao hilo. Kila mti tunaochuma leo ulipandwa na mtu aliyejua kwamba hatachuma mwaka ule, wala mwaka wa pili wake.

Maoni yetu ni kwamba kila mmoja wetu anahitaji malengo ya namna mbili: lengo la mkarafuu na lengo la mwani. Lengo la mkarafuu ni lile la miaka mingi: kuwa daktari, kujenga nyumba, kusomesha watoto. Lengo la mwani ni lile linaloweza kuvunwa katika muda mfupi. Mwenye mkarafuu peke yake atakata tamaa kabla ya mavuno. Mwenye mwani peke yake atafanya kazi maisha yake yote na asiache mti nyuma yake.

Tumtazame yule kijana wetu. Akisema "nataka kazi", amepanda mkarafuu na kuuacha bila ya maji. Lakini akisema kwamba katika mwongo wa kwanza atakusanya vyeti vyake na kuandika barua za maombi, katika mwongo wa pili ataomba nafasi ya kujifunza kwa fundi wa mtaani, na kwamba kila siku atajifunza maneno machache ya lugha ya kigeni inayohitajika katika mahoteli, basi hata barua zikichelewa kujibiwa, mwaka hautakuwa umempita akiwa amekaa barazani. Hakika hakuna hasara kubwa kwa nchi kama mwaka wa kijana uliopotea katika kusubiri.

Mfano tunao hapa hapa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika ukoo wa wafinyanzi, aliuza vyungu kwa miguu yake mwenyewe. Alihamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Kati ya safari mbili hizo ni miaka 17. Alikuwa hajui kusoma wala kuandika, lakini alijifunza kwa waliojua, wimbo baada ya wimbo. Huo ndio mkarafuu uliomwagiliwa.

Sasa tugeukie upande wa ofisi, kwani nasaha isiyowagusa wakubwa ni nusu ya nasaha. Kwa mtumishi wa serikali, Januari si mwanzo wa safari. Mwaka wa fedha ulianza Julai, na nusu yake imekwisha kupita. Kinachotakiwa mezani ni hesabu ya miezi sita iliyotumika, kisha ndipo yafuate malengo. Tena afisa anayeandika "kuimarisha huduma" hajaandika lengo. Ameomba dua bila ya kunyanyua mikono. Naaandike kwamba jalada lolote litakalofika kwake litajibiwa ndani ya mwongo mmoja. Lengo la namna hiyo linaweza kuulizwa, na linalokimbia kuulizwa si lengo.

Tunasema haya kwa sababu malengo ya watu yamefungamana. Mwananchi wa Tumbatu au Kojani anayevuka maji kufuata saini moja, akaambiwa njoo kesho, hakupoteza nauli tu. Amepoteza mwongo wake. Huenda ndio aliokusudia kufungua duka, au kumwandikisha mtoto skuli. Afisa anayetamani cheo kwa mwaka huu na akumbuke kwamba cheo chake kimesimama juu ya miongo ya watu wengine.

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliwaambia wajumbe wa TANU kwamba kupanga ni kuchagua. Basi tuchague. Anayeandika malengo ishirini hakuchagua; amehamisha matamanio kutoka kichwani kwenda katika karatasi. Mkarafuu mmoja na mwani wa aina mbili unamtosha mtu mzima mwenye watoto na kazi.

Sisi tuliokaa mkekani katika vyuo vya Kurani tunakumbuka namna tulivyofundishwa. Hakuna mtoto aliyewekewa juzuu 30 mbele yake siku ya kwanza. Alipewa ubao, akaandikiwa kidogo, akasomeshwa, na alipokwisha kuhifadhi ubao ukaoshwa ukaandikwa tena. Mwalimu hakuuliza, "Utahitimu lini?" Aliuliza, "Ubao wa jana umeujua?"

Tunatoa wito kwa wananchi wa Unguja na Pemba, wakulima, wavuvi, wanafunzi na watumishi wa umma, kila mmoja achukue karatasi leo, aandike la mkarafuu na la mwani, kisha kila siku ya kumi akae na nafsi yake na kujihesabu. Mwongo wa kwanza umekwisha kuanza.