Ramani ya Nyasi za Bahari: Ukubwa wa Eneo na Swali la Spishi

Makala haya yanaeleza jinsi nyasi za bahari zinavyochorewa ramani katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwa nini ramani hizo, ambazo sasa zinaingia katika hesabu za kaboni na mipango ya hifadhi, hazipaswi kusomwa kama takwimu za spishi. Huenda msomaji wa Kigali akauliza jambo hili linamhusu nini, ilhali maji ya Nyabarongo huenda Akagera, Ziwa Viktoria na Nile, yakaishia Mediterania bila kuigusa Bahari ya Hindi. Linamhusu kwa njia ya hesabu. Rwanda imekwisha kuandaa hesabu za rasilimali asilia za ardhi na maji, na washauri wake hukaa meza moja na wenzao wa Kenya na Tanzania katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jedwali la hekta ni lugha inayoeleweka na wote, na hatari imo humo humo.

Kwanza istilahi. Nyasi za bahari ni mimea itoayo maua, yenye mizizi na mashina yatambaayo chini ya mchanga. Mwani hauna maua wala mizizi ya kweli. Hata hivyo, katika mazungumzo ya wavuvi wa Zanzibar neno mwani huweza kutumika kwa vyote viwili, muktadha ukitofautisha. Hilo si kosa la wavuvi. Ni wajibu wa mtafiti kuuliza. Tangu kilimo cha mwani wa biashara kianze Paje na Jambiani mwaka 1989, vigingi na kamba za wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, vimewekwa mara nyingi juu ya nyasi hizo hizo au mahali zilipong'olewa. Kanuni ikiagiza kwamba mwani ulindwe, bila kusema mwani upi, mkulima na mvuvi wa madema watasoma amri mbili tofauti.

Ramani yenyewe huanza na satelaiti. Picha za Sentinel-2, zinazotolewa bure tangu 2015, zina pikseli za mita 10 kwa mita 10. Programu hulinganisha rangi ya kila pikseli na rangi ya sehemu zilizokwisha kukaguliwa, kisha huigawa katika mchanga, matumbawe, mwamba au nyasi. Maji huleta taabu isiyojulikana kwa wachora ramani za misitu. Mwanga mwekundu hufyonzwa ndani ya mita chache za kwanza, hivyo nyasi za kina kirefu hufanana na mwamba mweusi. Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia takribani mita 4. Picha mbili za mahali pamoja, moja ya maji makuu na nyingine ya maji kupwa, zinaweza kutoa ramani mbili. Wingu na tope humaliza picha nyingine nyingi.

Hata pale mambo yanapokwenda vizuri, mpaka wa mbinu huonekana. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ambako watafiti walitumia picha za satelaiti ya IKONOS kwa eneo la kilomita za mraba 4.1 na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Mtawanyiko wa nyasi ulilingana vyema na vipimo vya majini. Lakini jumla ya eneo ilipungua kuliko hali halisi, kwa sababu nyasi zilizotawanyika zilihesabiwa kama matumbawe. Makadirio ya uzito wa mimea yalikuwa mazuri, isipokuwa palipoota Thalassodendron ciliatum: spishi hii ina mashina yanayoinua majani juu, na kwa hiyo uhusiano wa mwanga na uzito hubadilika. Yaani kosa la ramani halikutawanyika ovyo; lilikaa juu ya spishi moja. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo ambalo wanaotumia ramani hizi hulisahau upesi zaidi.

Spishi hiyo hiyo ni miongoni mwa zinazotawala pwani ya Kenya, na huko Diani na Watamu imewahi kuliwa hadi kubaki mashina matupu na wanyama wa mviringo wenye miiba, Tripneustes gratilla. Uchambuzi wa picha za Landsat za 1986 hadi 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilibaki na kilomita za mraba 317 za nyasi za bahari, na kwamba kasi ya upotevu ilipanda kutoka asilimia 0.29 kwa mwaka katika 2000 hadi asilimia 1.59 katika 2016. Onyo hilo ni zito, na bila satelaiti lisingepatikana. Lakini tuchukue eneo lililopoteza Thalassodendron, kisha likafunikwa na Halophila yenye majani ya sentimita chache. Katika jedwali la hekta eneo hilo litahesabiwa kuwa limepona. Tasi na changu wachanga waliokuwa wakijificha humo hawatalihesabu hivyo, wala kaboni iliyoshikwa mchangani haitakuwa ile ile.

Ghuba ya Chwaka peke yake ina spishi 11, na mara nyingi kadhaa huota ndani ya pikseli moja. Kuzitenganisha kunahitaji mtu ashuke majini na fremu ya mraba, ahesabu kwa mkono, akiongozana na wavuvi na wanawake waokota chaza wanaojua nyasi zipi zimeota wapi na zimetoweka lini. Basi ramani inayopelekwa kwa mtunga sera iandikwe tarehe na hali ya maji ya kila picha, idadi ya vituo vilivyokaguliwa, na majina ya wenyeji kando ya yale ya Kilatini. Eneo na spishi ziwe safu mbili katika jedwali, na safu ya spishi iachwe wazi pale ambapo hakuna aliyepiga mbizi. Picha ni bure. Mashua, mafuta na siku za bamvua si bure, na ni kifungu hicho cha bajeti ambacho hukatwa kwanza.