Bukavu: katalizeri ililaumiwa, lakini ugonjwa wa gari ulianzia kwingine

Kwa wiki tatu, gari la familia moja ya Bukavu lilikuwa linashindwa kupanda Kadutu likiwa na watoto wanne ndani. Kwenye tambarare lilienda vizuri. Mlima ukianza, injini ilinguruma bila nguvu, na mama aliyekuwa akiendesha alikanyaga mafuta hadi mwisho huku pikipiki zikimpigia honi kwa nyuma. Taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini iliwaka kwenye tablo. Kisha watoto wakaanza kulalamika kuumwa kichwa kila walipofika shuleni.

Garaji ya kwanza ilitoa jibu kwa dakika kumi: katalizeri imeziba, itolewe, mahali pake pawekwe bomba tupu. Kazi ingefanywa bure, mradi fundi abaki na kile kitakachotolewa. Kwa familia iliyokuwa inatafuta pesa ya minervali, neno bure lilikuwa tamu. Papa alikuwa karibu kukubali. Mke wake ndiye aliyeuliza: kama kitu hicho hakina kazi, kwa nini fundi anakitaka?

Swali lilikuwa na maana. Katalizeri ni kopo la chuma lililofungwa kwenye bomba la moshi. Ndani mna kauri yenye matundu madogo mengi kama sega la nyuki, iliyopakwa platini, paladiumu na rodiumu. Madini hayo ndiyo yanayogeuza monoksidi ya kaboni na esanse ambayo haikuungua kuwa gesi zisizo na sumu kali. Rodiumu imewahi kuuzwa kwa bei kubwa kuliko dhahabu. Sisi wakaaji wa Kivu hatuhitaji kufundishwa kwamba anayebeba jiwe bure mara nyingi anajua bei yake.

Garaji ya pili iliunganisha skanera chini ya usukani. Zilitoka kodi mbili: P0420, inayosema katalizeri haisafishi moshi inavyotakiwa, na P0302, inayosema silinda ya pili inakosa kuwaka. Fundi aliiacha kwanza ile ya katalizeri akashika ya silinda. Silinda isipowaka, esanse yake hutoka mbichi na kwenda kuungulia ndani ya katalizeri, ambayo joto lake la kawaida ni kama digrii 400 hadi 800. Joto hupanda mno, kauri ikaanza kuyeyuka. Anayeweka katalizeri mpya bila kutengeneza silinda atarudi garaji baada ya muda na ugonjwa uleule.

Jaribio lake halikugharimu kitu. Alibadilishana bobini ya silinda ya pili na ya silinda ya tatu, akafuta kodi, akazunguka mtaa. Kodi ilirudi ikiwa P0303. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na bobini, kwa hiyo bobini ndiyo mbovu.

Halafu kichwa cha watoto. Injini ikiwa bado baridi, msaidizi aliziba mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa kizito, na fundi akasikiliza chini ya boneti. Hewa ilikuwa inapuliza kwenye maungio, kabla ya katalizeri, ambapo palikuwa na alama ya masizi. Moshi ambao haujasafishwa ulikuwa unapanda hapo na kuingia ndani ya gari. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Huanza kwa kuumiza kichwa, na ikizidi inaua. Fundi alikataa gari liondoke na watoto kabla ya kubadilisha joenti hiyo. Tena, hewa inayopenya mahali hapo hudanganya senza, na katalizeri nzima huweza kuonekana imekufa.

Sasa ndipo akaigeukia katalizeri. Kwenye gari hili, senza ya mbele hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ya nyuma ingepaswa kutulia karibu na 0.6 au 0.7. Ilikuwa inacheza sawasawa na ya mbele. Alipofungua senza ya mbele ili moshi upate tundu la kutokea, gari lilipiga kelele mbaya lakini likapanda mlima. Walipoiteremsha katalizeri na kumulika ndani, upande mmoja wa sega ulikuwa umeyeyuka na kuziba.

Mpya ya kiwandani ilikuwa juu ya uwezo wao. Walipata iliyotolewa kwenye gari la aina ileile lililopata ajali. Fundi aliitikisa asikie kama kuna vipande vinavyogongana, akaangalia kama mwanga unapita, akaifunga. Injini ilipopata moto, alipima joto: mahali pa kutokea palikuwa na moto zaidi kuliko pa kuingilia, dalili kwamba bado inafanya kazi. Aliwaomba pia waache kununua esanse ya kadafi wasiyemfahamu, kwa sababu iliyochanganywa na petroli huungua vibaya.

Taa imezimika. Watoto hawalalamiki tena. Katalizeri ya zamani iko ndani ya gunia, chini ya kitanda cha mama. Fundi wa garaji ya kwanza amekwisha kupiga simu mara mbili akiuliza kama bado ipo. Mama amemjibu kwamba anangojea kusikia bei ya mnunuzi mwingine.