Mtu, Lugha na Namna: Majina ya Waarusha, Wamaasai na Wameru katika Sarufi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tofauti iliyopo kati ya jina la jamii ya watu na jina la lugha yao. Kiingereza huionyesha tofauti hiyo kwa maneno mawili katika jozi chache tu, mojawapo ikiwa Gael na Gaelic, ilhali Kiswahili huionyesha kwa viambishi vya ngeli. Kwa kurejelea majina ya jamii zinazouzunguka Mlima Meru, makala yanaonyesha kwamba kiambishi ki- hubeba dhana mbili, lugha na namna, na kwamba ulinganifu wa M-/Wa- na Ki- huweza kuzalisha jina la lugha mahali ambapo hakuna lugha inayojitegemea, au kuziweka lugha mbili chini ya jina moja.

Utangulizi

Katika Kiingereza, neno Gael humtaja mtu wa jamii yenye asili yake Ireland na nyanda za juu na visiwa vya Scotland. Neno Gaelic hutaja lugha, au hutumika kama kivumishi. Mtu haitwi "Gaelic", wala lugha haiitwi "Gael". Lugha zenyewe hutenganisha dhana hizo pia: katika Kigaeli cha Scotland mtu ni Gàidheal na lugha ni Gàidhlig, katika Kiairishi mtu ni Gael na lugha ni Gaeilge.

Mtumiaji wa Kiswahili anaweza kuona kwamba hapa hakuna jipya. Mgaeli, Wagaeli, Kigaeli: viambishi vitatu vimekwisha kuifanya kazi hiyo. Tena Kiswahili kinaifanya kwa utaratibu unaozihusu jamii zote, wakati Kiingereza kwa kawaida huyadondosha viambishi vya Kibantu na kubaki na shina tupu. Ndiyo maana katika maandishi ya Kiingereza neno Meru pekee huwa mtu, watu, lugha, mlima na wilaya, na msomaji huachiwa kazi ya kubaini ni kipi kilichokusudiwa. Hata hivyo, ubora huu wa Kiswahili una mipaka yake, na mipaka hiyo haionekani vizuri mahali pengine kama inavyoonekana Arusha.

Vyama viwili na kivumishi kimoja

Kabla ya kurejea Mlima Meru, inafaa kuutazama mfano mmoja wa Ireland. Mwaka 1884 kiliundwa chama cha michezo ambacho kwa Kiingereza huitwa Gaelic Athletic Association. Mwaka 1893 kikaundwa chama kingine, Gaelic League, kilichokusudia kuihuisha lugha. Majina hayo mawili hutumia kivumishi kilekile, na kwa mtazamo wa Kiingereza vyama hivyo vina "Ugaeli" wa aina moja. Majina ya Kiairishi yanasema vingine. Chama cha michezo ni Cumann Lúthchleas Gael, yaani chama cha riadha cha Wagaeli. Chama cha lugha ni Conradh na Gaeilge, yaani jumuiya ya Kigaeli. Cha kwanza kinawataja watu, cha pili kinataja lugha. Mchezaji wa chama cha kwanza si lazima ajue hata sentensi moja ya Kiairishi, na jina la chama chake halidai kwamba anaijua.

Sasa majina hayo yatafsiriwe kwa Kiswahili. Tafsiri inayokuja kwanza ni "Chama cha Michezo ya Kigaeli" na "Jumuiya ya Kigaeli", na hapo Kiswahili kinaanguka palepale Kiingereza kilipoanguka. Sababu ni kwamba ki- katika majina ya namna hii ina kazi mbili. Kwanza ni kiambishi cha ngeli ya 7 kinachounda jina la lugha: Kimaasai, Kichaga, Kihaya. Pili huonyesha namna, desturi au mtindo, kama katika kuvaa kimaasai, kupika kizungu, nyumba ya kienyeji. Baadhi ya waandishi huitenganisha kazi ya pili kwa kuandika herufi ndogo mwanzoni mwa neno, lakini mazoea hayo hayafuatwi na wote, na hata yakifuatwa hayasaidii katika mazungumzo. "Nyimbo za Kimaasai" ni nyimbo zilizotungwa katika lugha hiyo, au nyimbo zenye mtindo wa Wamaasai hata kama maneno yake ni ya Kiswahili? Sarufi haijibu.

Kiswahili kinayo njia ya kutokea, nayo ni A-unganifu pamoja na jina la watu: nyimbo za Wamaasai, chama cha Wagaeli. Njia hiyo ni rahisi mno kiasi kwamba mara nyingi hupuuzwa na watafsiri na hata na watafiti.

Mwarusha na lugha yake

Kata ya Olasiti ipo upande wa magharibi wa Jiji la Arusha, upande uelekeao Kisongo na Makuyuni. Jina lenyewe huanza na ol-, umbo linalofanana na kiambishi cha jinsi ya kiume katika umoja cha lugha ya Wamaasai, na linalojirudia katika majina mengi ya eneo hilo: Oljoro, Olmotonyi, Oldonyo Sambu. Wenyeji wa asili wa upande huu wa mlima ni Waarusha. Walianza kukaa katika miteremko ya Meru katika miaka ya 1830, na masimulizi yao huihusisha asili yao na Arusha Chini, kusini mwa Kilimanjaro. Ni wakulima wa migomba na mahindi. Gulliver (1963), katika utafiti wake juu ya namna jamii hiyo ilivyotatua migogoro, aliwaeleza katika jina dogo la kitabu chake kuwa ni Wamaasai wakulima.

Maelezo hayo ya Gulliver ndiyo kiini cha tatizo. Waarusha husema lahaja ya lugha ileile wanayosema Wamaasai, na mfumo wao wa marika umefungamana na ule wa Wamaasai wa Kisongo. Uainishaji wa Sommer na Vossen (1993) unaiweka lahaja yao katika tawi la kusini la Kimaa, pamoja na lahaja za Wakisongo na Waparakuyo, wakati Wasamburu na Wachamus wa Kenya wamo katika tawi la kaskazini. Kwa hiyo, kwa kigezo cha lugha, Mwarusha ni msemaji wa Kimaa. Kwa kigezo cha jamii, yeye ni Mwarusha, na wapo wengi ambao hawatakubali kuitwa Wamaasai.

Hapa ndipo ngeli zinapofanya kazi ambayo hazikutumwa. Msemaji wa Kiswahili akishalipata jina Waarusha, tayari analo mkononi jina Kiarusha. Hahitaji kusikia hata neno moja la lugha hiyo. Ulinganifu wa Wahaya na Kihaya, Wanyakyusa na Kinyakyusa, umemzoesha kuamini kwamba kila Wa- ina Ki- yake. Jina Kiarusha limeenea katika mazungumzo ya kila siku, na kwa maana ya namna halina kasoro yoyote: kilimo cha Kiarusha kipo, na kinatofautiana waziwazi na maisha ya wafugaji wa nyikani. Kasoro huingia pale ambapo Ki- ya namna inachukuliwa kuwa Ki- ya lugha, kisha Kiarusha kikaorodheshwa kando ya Kimaasai kana kwamba ni lugha mbili.

Lugha ya Kimaa yenyewe haina kiambishi chenye mtego huo. Huitaja lugha kwa nomino enkutuk, yaani kinywa, na kuiunganisha na watu: enkutuk oo lMaasai, kinywa cha Wamaasai. Muundo huo una umri mrefu katika maandishi. Krapf alipochapisha orodha yake ya msamiati mwaka 1854, aliiita lugha hiyo Engutuk Eloikob, kinywa cha Iloikop, na katika jina hilohilo la kitabu akawaita wasemaji wake Wakuafi, kwa kiambishi cha Kiswahili. Lugha moja, majina mawili ya watu, na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni Maasai.

Jina Kimaasai nalo halijanusurika. Msamburu husema lugha ambayo wanaisimu huiweka katika kundi moja na ya Mmaasai, lakini yeye si Mmaasai. Ndiyo sababu wanaisimu wengi hupendelea kuuita mkusanyiko mzima wa lahaja hizo Kimaa, na kuliacha jina Wamaasai liwataje watu. Kwa hali hiyo Maa na Maasai zimekaribia kuwa jozi ya aina ya Gaelic na Gael: jina la lugha limepewa umbo lake, na jina la watu likabaki na lake.

Katika eneo hilohilo ipo pia ki- isiyo ki-. Kisongo, mji mdogo ulio mbele ya Olasiti, umebeba jina la sehemu ya Wamaasai wanaojiita Ilkisongo. Silabi ya kwanza ni ya shina. Mwanafunzi asiyelijua hilo huweza kuandika "Wasongo wanaosema Kisongo", na kwa mkato mmoja akawa ameunda kabila lisilopata kuwapo. Lahaja hiyo, ikibidi kupewa jina kwa taratibu za Kiswahili, ni Kikisongo, hata kama sikio halilipendi.

Kimeru ni kipi?

Upande wa mashariki wa mlima tatizo limegeuka. Wameru wa Tanzania hujiita Varwa, na lugha yao ni Kirwa. Ni lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga cha magharibi, hasa Kimachame, kama Nurse (1979) alivyoonyesha. Katika Kiswahili, hata hivyo, huitwa Kimeru, na Kimeru ndilo pia jina la lugha ya Wameru wa Kenya, waishio mashariki ya Mlima Kenya, ambao lugha yao imepakana na Kikikuyu na Kikamba. Katika uainishaji wa Guthrie ya kwanza ni E61 na ya pili ni E53. Misimbo ya kimataifa ya lugha imezitenga pia: rwk kwa Kirwa, mer kwa Kimeru cha Kenya.

Jina Wameru ndilo lililotumika katika mgogoro mkubwa wa ardhi ya Engare Nanyuki, ambao Kirilo Japhet aliufikisha mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Jina lenye historia ya namna hiyo haliwezi kufutwa kwa hoja ya kiisimu, wala halipaswi kufutwa. Mmeru wa Tanzania ana haki ya jina lake kama Mmeru wa Kenya. Linaloweza kudaiwa kwa mwandishi wa kitaaluma ni dogo zaidi: watu wabaki Wameru, lugha iandikwe Kirwa. Hakuna kanuni ya Kiswahili inayolazimisha shina la Wa- na shina la Ki- yawe mamoja.

Tatizo la takwimu

Suala hili lisingekuwa na uzito kama lingeishia katika tahajia. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini Tanzania kuuliza kabila la mtu. Kwa hiyo makadirio mengi ya idadi ya wasemaji wa lugha za jamii huanzia katika idadi ya watu wa kabila, kisha huvuka hadi kwenye lugha kwa daraja moja tu: kwamba Wa- fulani ni wasemaji wa Ki- fulani. Scotland huuliza moja kwa moja juu ya ujuzi wa lugha, na katika sensa ya mwaka 2011 walihesabiwa takriban watu 57,000 wanaosema Kigaeli. Wenye asili ya Kigaeli ni wengi zaidi ya hao, na hakuna anayeshangaa, kwa kuwa Gael na Gaelic hayajawahi kuwa neno moja.

Mjini Arusha daraja hilo haliwezi kuaminika. Olasiti imepokea wahamiaji wa kila upande, na Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, shuleni na ya watoto wachezao pamoja. Mtoto wa Kiarusha anaweza kukua akiwa Mwarusha kwa ukoo bila kuwa msemaji wa Kimaa. Jirani yake, mtoto wa Kihaya aliyezaliwa kata hiyohiyo, ni mkazi wa Arusha asiyekuwa Mwarusha, na kwa ajili yake Kiswahili cha majukwaani kimebuni umbo jingine: wana-Arusha. Umbo hilo linafanya kazi ileile ambayo katika Kiingereza hufanywa na tofauti kati ya mtu wa Ireland na Mgaeli. Ajabu ni kwamba wanasiasa waliihisi haja hiyo mapema kuliko waandishi wa tasnifu.

Mjadala kuhusu Mswahili ni nani, ambao Eastman aliuandikia mwaka 1971, ulizaliwa na pengo hilihili: Kiswahili kilikwisha kupata mamilioni ya wasemaji wasiokuwa Waswahili. Kwa lugha ndogo hali ni kinyume, kwani Wa- huendelea kuongezeka wakati Ki- inapungua. Dodoso linaloandaliwa kwa ajili ya utafiti Olasiti linahitaji, kwa uchache, maswali matatu badala ya moja: mhojiwa ni wa jamii gani, anasema lugha gani, na lugha hiyo yeye mwenyewe huiita nini. Jibu la swali la tatu huenda likawa Kiarusha. Liandikwe hivyo hivyo katika safu yake, na safu ya pili iandikwe Kimaa.